Kabla ya Kuanzisha Chama, Hesabu Viti

Sebule yangu hapa Kaptembwo inakaa watu kumi na wanne. Watatu kwenye kochi kubwa, wawili wawili kwenye yale madogo, wanne kwenye benchi tunaloazima kwa jirani, mmoja kwenye kigoda, na wawili juu ya magunia ya viazi ambayo sijauza. Wa kumi na tano husimama mlangoni, na anayesimama mlangoni ndiye huondoka wa kwanza.

Nauza viazi Soko la Wakulima, Nakuru, na tangu 2011 mimi ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama wa ploti yetu na ploti za jirani. Chama hicho kiliwahi kuvunjika tukakishona tena, ndiyo maana watu huja kuniuliza jinsi ya kuanzisha chao. Swali la kwanza huwa lile lile: tuchange ngapi? Nawaambia hiyo ngapi ni ya baadaye. Nyinyi mko wangapi?

Jueni mnakutana kwa nini

Chama chetu kilianza kwa aibu. Jirani yetu, mama anayeuza mandazi pale njiani, alifiwa na mumewe, na mzee alitakiwa kuzikwa kwao Busia. Tulipita mlango kwa mlango na karatasi. Mwenye hamsini alitoa hamsini, mwenye kujificha akajificha. Mochari inahesabu siku, gari linataka malipo kabla halijawashwa, na yeye ameketi kwenye mkeka akitungoja. Aliporudi kutoka mazishini aliniambia, "Nimelia mara mbili. Mzee ameenda, na nimejua kwamba sina watu."

Sina watu. Nimeishi mji huu tangu 2003 na bado sijasikia neno zito kuliko hilo.

Kijijini mtu huzaliwa na watu wake tayari. Waluo wana saga, ambapo wengi hulima shamba la mmoja leo na kesho wakaenda kwa mwingine, na wana nyoluoro, mchango unaozunguka zamu kwa zamu. Wakikuyu wana ngwatio, Wakamba wana mwethya, kazi za kusaidiana kama hiyo saga. Ukija mjini unawaacha hao huko, inabidi utengeneze wengine. Hatuvutwi na tamaa ya pesa kama wanaume zetu wanavyosema. Tunaogopa siku ile ya mkeka.

Kuna mtaalamu wa Uingereza, Robin Dunbar, aliyechunguza nyani na sokwe. Anasema wanyama hao hutumia muda mwingi wakichambuana manyoya, na mikono ile mgongoni ndiyo inayowaunganisha: aliyekuchambua jana atakutetea kesho. Shida ni kwamba mikono miwili inachambua mgongo mmoja tu. Kundi likikua, siku haitoshi. Kwa maoni yake sisi binadamu tulivuka hapo kwa maneno, kwa sababu anayeongea anaweza kuwafikia watatu kwa pamoja. Lakini hata maneno yana kikomo. Mazungumzo yakipita watu wanne hivi hugawanyika yenyewe. Chunguza sebuleni kwako chai inapomiminwa: wakiwa wanne kuna hadithi moja, wakifika saba zimekuwa mbili.

Kwa hiyo jambo la kwanza, andikeni sababu yenu kwa sentensi moja. "Tunachangiana tununue vyombo." "Tunaweka akiba na kukopeshana." "Tunazikana." Msiandike zote tatu siku ya kwanza, maana kila sababu ina idadi yake, na hapo ndipo vyama vingi huanguka bila kujua vimejikwaa wapi.

Wiki ni nyingi kama watu

Nitawaeleza tulivyoanguka sisi.

Mwaka 2015 tulikuwa tunachanga shilingi 500 kila Jumapili. Watu kumi na wanne, mwenye zamu anaondoka na 7,000, na baada ya wiki kumi na nne kila mmoja amepokea, tunaanza upya. Habari ikasambaa. Dada wa huyu, wifi wa yule, mwalimu wa nasari, wote wakataka kuingia. Tukapiga hesabu upande mmoja tu: tukiwa thelathini na mmoja, zamu itakuwa 15,500! Mtu atalipa karo ya muhula kwa mkupuo. Mimi mwenyewe niliinua mkono kuunga mkono.

Hatukuhesabu wiki. Wiki thelathini na moja ni zaidi ya miezi saba. Katika miezi saba mtu anahama, anafutwa kazi, anajifungua, anakosana na mumewe. Na aliyepokea wiki ya tatu amebakisha wiki ishirini na nane za kulipa deni ambalo machoni pake limeshakuwa la zamani.

Kufikia wiki ya kumi na tisa daftari langu lilikuwa na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la pili. Mmoja wetu alihama usiku. Hatukugundua mpaka Jumapili ya tatu, na hilo lilinitisha kuliko zile pesa. Mwenzetu amepotea wiki mbili na hakuna aliyeuliza! Kila mmoja alidhani mwingine anajua aliko. Angekuwa anaumwa ndani ya nyumba yake, angekufa na sisi tunakunywa chai.

Mama wa mandazi alikuwa nambari ishirini na saba. Alikuwa amechanga mara ishirini na sita bila kukosa hata moja, pesa ya unga na mafuta. Siku yake ilipofika nilimhesabia mkononi 9,000 badala ya 15,500. Alizikunja ndani ya leso, akafunga fundo, akasema asante. Alisema asante, na mimi sikuweza kumtazama usoni. Zilizobaki nilimlipa mwenyewe kidogo kidogo mpaka Agosti ya mwaka uliofuata.

Basi chukueni kalamu. Mchango wa mzunguko una hesabu mbili zinazovutana. Fungu ni mchango mara idadi ya watu. Kungoja ni idadi ya watu, basi. Mkiongeza watu mnanenepesha fungu na mnarefusha kungoja, na imani hufa wakati wa kungoja. Mkitaka fungu kubwa, ongezeni mchango au mchange kila mwezi. Msiongeze vichwa. Kwa mzunguko mimi siruhusu kupita watu kumi na watano kwa mchango wa wiki, na kumi na wawili kwa wa mwezi, ili mwaka ukiisha kila mtu awe amepokea.

Kuna hesabu nyingine inayofichika. Watu watano wana jozi kumi: yaani kuna uhusiano kumi wa kutunza, huyu na yule, yule na mwingine. Watu kumi na wanne wana jozi 91. Thelathini na mmoja wana 465. Tulizidisha watu mara mbili na kidogo, tukazidisha mahali pa kuzaliwa ugomvi mara tano. Hakuna mwenyekiti anayeweza kusuluhisha jozi 465 Jumapili alasiri.

Sufuria za matanga

Hili nataka wote walioniuliza walielewe, kwa sababu huwa wanadhani uvivu ni tabia ya mtu.

Tulipokuwa kumi na wanne, kwenye matanga tulikuwa tunaosha sufuria zote kabla ya saa mbili usiku. Tulipokuwa thelathini na mmoja, nimewahi kuamka saa kumi na moja alfajiri nikakuta sufuria tatu kubwa za ugali zimeachwa kwenye nyasi, ukoko umekauka kama saruji. Akina mama thelathini na mmoja! Wote walikuwepo. Wote walikuwa wema. Kila mmoja aliona wengi wamesimama karibu na maji, akaenda kukaa na mfiwa.

Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo, alipima jambo hili kwa kamba. Matokeo yake yalichapishwa 1913. Mtu akivuta peke yake hutoa nguvu zake zote. Wakivuta wanane pamoja, kila mmoja hutoa karibu nusu tu ya alichoweza akiwa peke yake. Sehemu ya nguvu hupotea kwa sababu hawavuti kwa mpigo mmoja. Lakini miaka ya 1970 watafiti wa Marekani walimfunga mtu macho, akaamini kwamba wenzake wako nyuma yake wanavuta, kumbe yuko peke yake kwenye kamba. Bado alilegea. Kule kudhani tu kwamba wapo wengine kulitosha kumlegeza.

Dawa yake si mahubiri. Dawa ni jina juu ya kazi. Kwetu siku hizi katibu huandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: sufuria ni fulani na fulani, maji ni fulani, viti vya kukodi ni fulani. Wawili kwa kazi moja, kamwe si "kamati ya vyombo". Mwenye jina ukutani huosha.

Uchache nao una madhara yake

Msije mkaenda mkaanzisha chama cha watu wanne halafu mkasema nimewashauri. Wanne, mmoja akiugua na mmoja akisafiri, mmebaki wawili mnatazamana. Watatu ni wabaya zaidi, maana wawili wakipatana, wa tatu ameshakuwa mgeni. Na sheria nayo ipo: Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na angalau watu kumi ndipo kisajiliwe. Mkishafika kumi, nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii mkiwa na katiba, kumbukumbu za mkutano wa kwanza, orodha ya wanachama na nakala za vitambulisho. Msingoje mpaka mtake mkopo.

Mambo ya mazishi hasa hayataki uchache. Tuseme kusafirisha na kuzika kunahitaji 60,000. Mkiwa watano kila mmoja atoe 12,000, na hiyo ni mtaji wangu wa viazi kuondoka kwa usiku mmoja. Mkiwa thelathini ni 2,000 kila mtu, unaweza. Ila msidanganyike kwamba mkiwa wengi inakuwa bure. Wengi wana wafu wengi pia. Ukijumlisha mwaka mzima, au miaka kadhaa, unatoa karibu kile kile. Tofauti ni kwamba kinatoka kidogo kidogo, hakikuangushi kwa pigo moja. Hiyo ndiyo faida ya wingi, na kwa mtu wa mapato ya kila siku ni faida kubwa.

Kwa hiyo uaminifu unataka watu wachache na msiba unataka watu wengi. Nimelala na swali hili miaka mingi, na jibu langu ni moja: fanyeni vikundi vidogo, halafu viungeni kwa ajili ya jambo kubwa tu. Hatukuligundua sisi. Benki ya Grameen ya Bangladesh, aliyoianzisha Muhammad Yunus, ilipanga wakopaji watano watano, na vikundi kadhaa vikakutana pamoja kituoni. Na vile vyama vya akiba vyenye sanduku, vilivyoanzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, huwa kati ya watu kumi na watano na ishirini na watano hivi. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo halifunguki mpaka wote wawe wameketi mbele yake. Akiba na mikopo inaweza kubeba hao ishirini na kitu kwa sababu kila kitu kinahesabiwa hadharani, noti kwa noti. Pesa zikishahamia kwenye simu ya mtu mmoja, idadi ishuke.

Na tukitaja simu: kundi la WhatsApp linaruhusu watu 1,024. Dunbar aliyechunguza nyani alilinganisha mwaka 1992 ukubwa wa ubongo na ukubwa wa makundi, akakadiria kwamba mtu anaweza kutunza uhusiano wa kweli na watu kama 150, na ndani ya hao kuna miduara: watano wa moyoni, kama kumi na watano wa karibu, hamsini hivi wa kualikana. Wapo wanaobishana naye kuhusu hizo namba. Mimi nasema tu kwamba miaka kumi na zaidi ya daftari inakubaliana naye kwenye kumi na watano. Kundi la simu ni la matangazo. Usilichukue kuwa chama.

Nani aitwe

Wepesi wa kwanza ni kukusanya wa kabila moja au kanisa moja. Mnaelewana haraka, nakubali. Lakini nilikuwepo Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na niliona mitaa ikijigawa kwa lugha ndani ya siku chache, watu waliokuwa wakiazimana chumvi. Mtaalamu Henri Tajfel, aliyefundisha Bristol, Uingereza, alijaribu na wavulana wa shule mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliwaambia wamegawanywa kwa kupenda picha za mchoraji huyu au yule, jambo lisilo na uzito wowote, bila kujua nani yuko upande upi. Walipopewa fedha za kugawa waliwapendelea wa upande wao. Kama mchoraji wa picha anatosha kututenganisha, mwacheni kabila.

Kwa sababu hiyo chama chetu tulikiunda kwa mlango na maji: wote tunaochota bomba moja. Tuko makabila sita. Anayekosa Jumapili, mtu atakutana naye bombani Jumatatu. Chagueni kitu cha namna hiyo, mahali ambapo miguu yenu inapishana bila kupanga. Stendi ya boda, safu moja ya meza sokoni, lango la shule.

Siku ya kwanza

Leteni daftari mbili, moja ya mweka hazina na moja ya katibu, ziandikwe wakati ule ule na zisomwe kwa sauti kabla ya watu kusimama. Zikitofautiana hata kwa shilingi hamsini, hakuna kuondoka.

Katiba iwe ukurasa mmoja, na kifungu cha kwanza kiwe idadi. Cha kwetu kinasema hivi: "Wanachama hawatapita kumi na watano. Atakayekuja baada ya hapo atasaidiwa kuanzisha chama chake." Mwandike siku ya kwanza mkiwa hamjui nani atakuja kuomba, kwa sababu siku dada yako akisimama mlangoni hutakuwa na nguvu ya kuandika. Hakuna kuingia katikati ya mzunguko. Hakuna kuchukua majina mawili kwa mtu mmoja, maana hilo jina la pili ni wiki ya kungoja isiyo na uso.

Zamu zipangwe kwa bahati: vikaratasi vilivyokunjwa, ndani ya sufuria, mtoto mdogo achote. Wale mnaowajua vizuri zaidi ndio waombwe kwa hiari kwenda mwisho, na mweka hazina awe wa mwisho kabisa. Faini ya kuchelewa iwe ndogo inayolipika. Sisi ni shilingi ishirini. Faini kubwa hailipwi, na isiyolipwa inamfanya mtu aone haya kurudi.

Anayekosa bila taarifa hatumpigii simu. Wawili wanaenda kwake siku hiyo hiyo, kabla ya giza, na wanabeba chai ya mfuko. Mkiona hamuwezi kufanya hivyo kwa sababu mko wengi mno au mnakaa mbali mno, basi mmeshapita idadi yenu.

Mkizidi, gawanyikeni

Sisi tuligawanyika Februari 2016. Tulikuwa tumebaki ishirini na wanne, na niliogopa kwamba kugawana ni kufiwa. Tulichora mstari kwenye barabara ya mtaa: wa juu yake kumi na wawili, wa chini yake kumi na wawili. Hatukuwauliza watu wanampenda nani. Ukiuliza hivyo umeanza vita. Madeni ya zamani tuliyasoma yote siku hiyo, tukayaandika kwa majina, kila upande ukabeba ya watu wake. Kila chama kina daftari zake na Jumapili yake, na kila upande hutoa wawili wa kukutana mara moja kwa mwezi kwa ajili ya jambo moja tu, mfuko wa matanga. Baadaye upande wa tatu ulijiunga, akina mama wa karibu na shule, kwa hiyo leo kwa msiba tuko thelathini na tisa, na kwa chai tuko kumi na watatu kumi na watatu.

Vikombe tuligawana kumi na viwili kwa kumi na viwili. Sufuria kubwa haikugawanyika, kwa hiyo inakaa kwangu nyuma ya magunia. Upande wa pili wakifiwa, wanatuma kijana na mkokoteni kuichukua, na karatasi ya majina ya waoshaji huja imebandikwa kwenye mfuniko.